Mkuki wa Ziwa

Ohio ni tambarare. Mkeka uliotandazwa,
ukapigwa pasi, ukasahauliwa hapo.
Mimi niliyekulia Bukavu, ambako
hata kwenda kununua chumvi ni kupanda na kushuka,
nilifika Port Harlan mwezi wa pili, theluji magotini,
nikatafuta kitu cha kuegemeza macho.
Nikaukuta Mkuki.

Futi mia nne thelathini na moja za chuma cha rangi ya chungwa,
umesimama kando ya ziwa kama mtu aliyeulizwa swali
na bado anatafuta jibu.
Walisema hakuna rola-kosta ndefu kuliko huo duniani.
Sikuwaomba ushahidi. Mlima wa jirani hauombwi cheti.

Niliupanda mara moja tu, mwaka wangu wa kwanza.
Sekunde kumi na saba. Kofia ilikwenda.
Sala niliyoianza kwa Kiswahili ikaishia kwa Mashi,
na pale juu, kabla ya kuporomoka,
ukimya mdogo, upana wa kope moja:
nikaliona ziwa lote, maji hadi yakawa mbingu,
na paa la kiwanda cha kuku
nilikokuwa nachelewa zamu.

Binti yangu Nabintu alikuwa na miaka minne.
Langoni palikuwa na ubao, na mkono uliochorwa:
asiyefika hapa haruhusiwi.
Tukarudi nyumbani, tukapiga mstari wa penseli
kwenye fremu ya mlango wa jikoni, inchi hamsini na nne,
na kila siku ya kuzaliwa akasimama hapo,
mgongo umebana mbao, akiiba urefu kwa vidole vya miguu.
Usiku tukizima taa, tuliiona dirishani
ile nyingine, nyekundu, ya kuonya ndege,
ikikonyeza kileleni.
Nilimwambia: waona? Unakungoja.

Novemba iliyopita wakabandika tangazo.
Asanteni kwa miaka ishirini na miwili. Kitu kikubwa zaidi kinakuja.
Kikubwa zaidi! Tukasoma maandishi madogo:
futi mia moja themanini, mizunguko saba,
viti vinavyopiga muziki.
Kipya kinyemi, walisema wahenga,
na wahenga hao hao wakamalizia: ingawa kidonda.

Siku ya kuuangusha tulikuwa labda mia mbili kwenye uzio.
Gus Petrakis, fundi bomba, aliyeupanda
mara elfu moja mia moja na tisa
na kuandika kila safari katika daftari lenye madoa ya grisi,
alikuwa amevaa tai.
Marlene Dvorak, dereva mstaafu wa basi la shule,
aligawa kahawa huku akimtukana meneja
kwa adabu, kwa majina yake yote matatu.
Kijana mmoja alilia waziwazi; hakuna aliyemcheka.
Mimi nilijisemea: mtu mzima wewe,
umeona mengi yakianguka, na yenye watu ndani.
Chuma hiki kinakuhusu nini?

Kisha king'ora. Kisha moshi miguuni pake.
Mkuki uliinama taratibu,
kama anayetafuta kitu alichodondosha,
ukalala.
Mshindo ulitufikia baadaye.

Gus alifunga daftari.
"Ya kumi ilikuwa iwe Mei," alisema,
bila kumwambia mtu.

Nabintu alitimiza kumi na moja mwezi wa tatu.
Akasimama kwenye fremu, visigino chini, bila hila,
na mstari ukawa chini ya utosi wake, robo inchi.
Hatukupiga picha.
Alichukua kifutio, akaanza kuufuta, akaacha nusu,
akaenda kula mkate.

Sasa anasema ile mpya haina ubaya.
Rafiki yake ameona michoro: mizunguko saba, baba,
na unachagua wimbo mwenyewe.
Namwambia vizuri, tutakwenda.
Naosha sufuria, giza limekaa dirishani.
Mizunguko haionekani kutoka jikoni.